Dawa chungu, mboga chungu: mwongozo wa kupunguza uchungu kwa mtoto na mtu mzima

Mwanangu wa pili alikuwa na miaka mitatu alipoandikiwa metronidazole ya tumbo, na dukani walikuwa wamebakiwa na vidonge tu. Nikakisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, nikakikoroga ndani ya bakuli zima la uji wa ulezi, nikatia sukari mpaka kijiko kikakaribia kusimama chenyewe. Alikunywa vijiko vitatu. Cha nne akakishika mdomoni, akanitazama kama mtu aliyetegwa, halafu akautema wote kwenye khanga yangu. Dawa iliyoingia sikujua ni kiasi gani, iliyobaki bakulini ilikuwa haifai tena, na uji aliugomea karibu miezi miwili. Mama mkwe akasema mtoto anadeka.

Hakuwa anadeka. Ulimi wake ulikuwa unasikia kitu ambacho wangu hausikii vile, na mimi nilichokifanya ni kukitandaza kile kitu kwenye chakula alichokuwa anakipenda kuliko vyote. Tangu siku ile nimewasumbua sana wauguzi na wafamasia kwa maswali, na nimejaribu mengi jikoni. Haya ndiyo niliyobaki nayo.

Kwa nini mtoto analia na wewe huoni kitu

Tutenganishe maneno kwanza, kwa sababu dawa ya kila moja ni tofauti. Uchungu ni wa shubiri, mwarobaini, kwinini, mchunga. Ukakasi ni ule wa ndizi mbichi au bibo lisiloiva, unaokausha na kukwaruza ulimi. Uchachu ni wa ndimu na ukwaju. Mtoto mdogo akisema "chungu" anaweza kuwa na maana yoyote kati ya hizo tatu, hata pilipili. Onja mwenyewe kabla hujaanza kutibu.

Uchungu wenyewe ni mlinzi wa mlangoni. Sumu nyingi za mimea ni chungu, kwa hiyo mwili umejiwekea walinzi wengi: binadamu ana aina 25 hivi za vipokezi vya uchungu, wakati utamu anautambua kwa kipokezi kimoja kikuu. Kichanga wa siku moja ukimdondoshea tone la kitu kichungu atakunja uso, atapanua kinywa na kuusukuma ulimi nje, na hakuna aliyemfundisha.

Walinzi hao hawalingani kwa kila mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mkemia Arthur Fox, wa kampuni ya DuPont huko Marekani, alikuwa akimimina unga wa kemikali inayoitwa PTC ukapeperuka. Mwenzake wa maabara akalalamika kwamba unga ni mchungu. Fox, aliyekuwa karibu nao zaidi, hakusikia lolote. Wakabishana, wakaonja wote wawili, na ikawa kweli: mmoja mchungu kinywani, mwingine kama chaki. Leo tunajua tofauti hiyo inatoka hasa kwenye jeni moja, TAS2R38, iliyotambuliwa mwaka 2003, na tunairithi kwa baba na mama.

Mwaka 2005 watafiti wa Monell, kituo cha utafiti wa ladha na harufu huko Philadelphia, Marekani, walichapisha jambo ambalo kila mzazi angepaswa kuambiwa kliniki. Waliwapima watoto pamoja na mama zao. Miongoni mwa wale waliorithi nakala moja ya jeni hiyo inayosikia uchungu na moja isiyousikia, watoto waliugundua uchungu ukiwa hafifu zaidi kuliko watu wazima wenye jeni zilezile. Kwa hiyo mama anayeilamba dawa na kusema "mbona ya kawaida tu" anasema kweli, na mtoto anayelia naye anasema kweli.

Kuna na dhana moja ya kufuta kabisa: kwamba uchungu husikika nyuma ya ulimi peke yake. Si kweli, husikika kote penye vinundu vya ladha. Nimeona watu wakimshika mtoto kichwa na kummiminia dawa kooni wakidhani wanaupita ulimi. Wanachokipata ni mtoto aliyepaliwa.

Hatua ya kwanza: uliza kama uchungu unasema kweli

Kabla hujaufunika uchungu, hakikisha si onyo. Hapa sina mzaha.

Muhogo mchungu ni mchungu kwa sababu una viini vinavyozaa sianidi, sumu kali. Usiufunike kwa nazi wala sukari. Unaondolewa sumu: menya, loweka siku tatu au nne mpaka ulainike na kuvunda, kisha uanike au usage. Kuanika vipande vikubwa bila kuloweka hakutoshi. Wakati wa ukame na njaa, watu wanapofupisha kazi hii na hakuna kitoweo cha maana cha kusindikizia ugali wake, ndipo hutokea konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ghafla ambao haurudi nyuma, na unaowapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Umewahi kuonekana Tarime na Mtwara, na huko Kongo, ambako jina lake limetoka, unajulikana tangu miaka ya 1930.

Kiazi mviringo kilichogeuka kijani na kuwa kichungu, kitupe. Mumunye au tango ambalo safari hii ni chungu kupita kawaida yake, teme na usilipike. Yale matango ya kawaida yenye uchungu kidogo kichwani, upande wa kikonyo, yakate kichwa na umenye ganda, maana uchungu wake hukaa hasa huko. Karanga chungu nazo zinaweza kuwa zimeoza au zimeota ukungu. Mtoto akizitema, mshukuru.

Dawa ya hospitali iliyoandikwa kwa kipimo chake, na mboga ambazo bibi na babu wamezila miaka yote, hizo ndizo za kuzifanyia kazi.

Hatua ya pili: zijue silaha zako nne

Wengi wanaijua moja tu, sukari. Nayo inasaidia, ila dhidi ya dawa chungu kweli hushindwa peke yake, kama nilivyoshindwa mimi na ule uji.

Chumvi ndiyo inayodharauliwa. Fanya jaribio hili leo: chukua vikombe viwili vya kahawa chungu kutoka birika moja. Kimoja kiache, kingine tia punje chache za chumvi, chache kiasi kwamba huisikii chumvi yenyewe. Onja. Cha pili kitakuwa kimepoa makali, kana kwamba kimetiwa sukari kidogo. Sodiamu iliyo ndani ya chumvi huuzima uchungu ulimini, na uchungu ukizimwa, utamu uliokuwa umefunikwa huinuka. Hii ndiyo sababu wapo wanaotia chumvi kwenye danzi au balungi kabla ya kula. Kwa mtoto chini ya mwaka mmoja silaha hii iache.

Mafuta ni ya tatu. Tui la nazi, siagi, karanga zilizosagwa, maziwa yenye mafuta: hutandaza utando ulimini, na viini vingi vya uchungu hunaswa humo kabla havijafika kwenye vipokezi.

Baridi ni ya nne. Ulimi uliopigwa ganzi na barafu husikia kidogo. Barafu ya ubuyu ya mtaani inafanya kazi hii vizuri kuliko chochote ninachokijua.

Hatua ya tatu: dawa ya mtoto, mwanzo mpaka mwisho

1. Malizia maswali dukani. Je, ipo ya maji, au vidonge vinavyoyeyuka majini? Dawa ya mseto ya malaria kwa watoto, ile ya kuyeyuka yenye ladha ya cheri, ilitoka mwaka 2009, na watoto wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI sasa wana dolutegravir ya miligramu 10 yenye ladha ya stroberi, badala ya ile dawa ya maji ya zamani iliyokuwa chungu na yenye kilevi kingi. Wakati mwingine muuzaji anakupa kidonge kwa kuwa ndicho kilicho mbele yake. Muulize.

2. Uliza kama kidonge kinasagika. Vile vyenye ganda maalumu la kuvuka tumbo, na vile vinavyoachia dawa polepole, havisagwi wala havivunjwi. Kapsuli nazo usizifungue kwa kubahatisha.

3. Uliza inaenda na nini. Maziwa ni rafiki wa dawa ya mseto, kwa sababu inahitaji mafuta ili iingie mwilini vizuri. Maziwa hayohayo huziharibia kazi ciprofloxacin na tetracycline, dawa za kuua bakteria. Juisi ya balungi huingiliana na dawa nyingi, kwa hiyo iweke pembeni.

4. Andaa kila kitu kabla hujamwita mtoto. Bomba la sindano bila sindano, kijiko, kikombe cha maji baridi, kitambaa, na kitu kitamu cha kufuatishia. Mtoto akikaa na kukuona unahangaika kutafuta kijiko, ameshajua kinachokuja na ameshafunga mdomo.

5. Mwambie ukweli. "Ni chungu, ni mara moja, halafu tende." Usiseme ni tamu. Na usiiite pipi hata siku moja, kwa sababu kuna siku ataikuta peke yake mezani. Dawa zilizotiwa ladha nzuri ndizo za kuweka juu kabisa kabatini.

6. Mpe barafu ainyonye dakika moja au mbili. Kisha, kama ana zaidi ya mwaka mmoja na karanga hazimdhuru, alambe nusu kijiko cha siagi ya karanga, au siagi ya kawaida.

7. Changanya dawa kwenye kitu kidogo, kijiko kimoja au viwili vya chai, basi. Asali, jamu, ndizi mbivu iliyopondwa, na punje mbili tatu za chumvi ndani yake. Asali usimpe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata ya kulambisha, kwa sababu ya hatari ya botulizimu, sumu ya bakteria inayolegeza misuli ya kichanga. Usichanganye dawa kwenye uji, kwenye chupa ya maziwa wala kwenye chakula chake cha kila siku. Asipomaliza, kipimo kimepotea, na akiunganisha uchungu na chakula kile, atakikataa muda mrefu.

8. Mkalishe wima. Kama ni ya bomba, ielekeze kati ya shavu na ufizi, sukuma kidogo, subiri ameze, sukuma tena. Usimlaze chali, usimzibe pua kwa nguvu, usimpe akiwa analia kwa kupiga kelele. Mtoto mkubwa au mtu mzima anaweza kujiziba pua mwenyewe, na husaidia kwa zile dawa zenye harufu mbaya.

9. Maji baridi mara moja, halafu tende au kitu kingine kitamu. Usisubiri akunje uso kwanza.

10. Akitapika, angalia saa. Ukipiga simu au ukirudi kwa mhudumu, swali la kwanza litakuwa dakika ngapi zimepita tangu ameze. Kila dawa ina muda wake, kwa hiyo usirudie kipimo kwa kukisia.

Kumbuka pia kwamba baadhi ya dawa huacha uchungu kinywani hata baada ya kumezwa. Metronidazole ni mojawapo: mgonjwa analalamika kinywa kina ladha ya chuma siku nzima. Hapo hakuna cha kufunika zaidi ya kusukutua, kunywa maji kidogo kidogo na kumhakikishia kwamba itaisha dawa ikiisha.

Hatua ya nne: mboga chungu

Tanga na Muheza mchunga ni mboga ya heshima. Ukivunja jani lake linatoa utomvu mweupe, na sehemu kubwa ya uchungu imo humo. Wapo wazee wanaoula kwa kuuchemsha mara moja tu, tena wanasifu uchungu wake. Wageni wa mkoa, na watoto wote, wanahitaji njia ya kuanzia.

Kazi inaanzia sokoni. Chagua majani machanga, yaliyochumwa kabla mmea haujatoa maua. Yaliyokomaa kwenye ukame huwa makali zaidi. Nyanya chungu vivyo hivyo: chukua zile changa, nyeupe au za kijani hafifu. Zilizoanza kuwa nyekundu ni za wazoefu.

Osha mchunga, ukate, uuchemshe kwenye maji mengi yenye chumvi dakika chache bila kufunika sufuria, umwage maji, uukamue. Hapa kuna bei unayolipa: vitamini C na foleti huondoka na maji yale. Ndiyo maana mimi huchemsha mara moja, sichemshi mara mbili kama dada yangu. Kisha kaanga kitunguu mpaka kibadilike rangi kuwa kahawia, tia nyanya, tia mchunga, mwisho tui zito la nazi, uliache lichemke taratibu bila kukatika. Kitunguu kilichoiva kinatoa utamu, tui linatoa mafuta, chumvi imeshafanya yake. Ndimu ikamuliwe mezani.

Kenya mnavu, wanaouita managu, huchemshwa kisha ukatiwa maziwa au malai na kuachwa ulale usiku kucha, ukapashwa kesho yake. Mgagani nao hufanyiwa hivyo. Ni silaha ileile ya mafuta, ila wameipa muda. Niliwahi kula managu ya siku ya pili Kisumu na sikuamini kama ni mboga ileile iliyonishinda Dar es Salaam.

Karela, lile tunda chungu lenye ganda la vinundu, kwa wanaoipika, ikwanguliwe ganda, itolewe mbegu, ikatwe vipande vyembamba, inyunyiziwe chumvi nusu saa, halafu ikamuliwe yale maji kwa nguvu. Nyanya chungu zinataka kulowekwa tu kwenye maji ya chumvi wakati unamenya vitunguu.

Hatua ya tano: kumzoesha

Hii ndiyo inayowashinda wengi, kwa kuwa inataka subira na matokeo hayaonekani wiki ya kwanza. Mtoto anahitaji kuonja kitu kipya mara nyingi kabla hajakikubali. Mara kumi mpaka kumi na tano ni jambo la kawaida, na wazazi wengi huacha kwenye ya tatu au ya nne wakisema "hapendi".

Anza na fungu moja la mchunga kwa mafungu matatu ya mchicha. Mtoto aonje jani moja, kijiko kimoja. Akitaka kutema, ateme. Usimlazimishe amalize, na usimwahidi soda akimaliza, kwa sababu hapo unamfundisha kwamba mboga ni adhabu na soda ni tuzo. Baada ya wiki kadhaa fanya moja kwa mawili. Nyumbani kwetu tulifika nusu kwa nusu baada ya miezi mitano hivi, na tukaishia hapo, panatosha.

Mazoea huanza hata kabla ya kuzaliwa. Ladha za chakula cha mama hupita kwenye maji ya uzazi na kwenye maziwa yake. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa juisi ya karoti wakati wa ujauzito au kunyonyesha waliipokea vizuri zaidi ladha ya karoti walipoanza kula. Mama anayekula mnavu anamtengenezea mwanawe njia.

Inachekesha, maana uchungu huohuo tumeutumia miaka yote kwa kazi ya kinyume. Pwani mama alipotaka kumwachisha mtoto ziwa alipaka shubiri kwenye chuchu, mtoto akanyonya mara moja, akakoma. Viwandani siku hizi hutiwa denatoniamu, kemikali chungu kupindukia, kwenye spiriti ili watu wasiinywe, na kwenye rangi za kucha za kumkomesha mtu kung'ata kucha.

Na watu wazima je?

Mtu mzima amezoea, na amejifunza kuunganisha uchungu na kitu anachokitaka. Kahawa ya barazani ni mfano mzuri: kikombe kidogo, chungu, cha moto, na kipande cha kashata mkononi. Huko Oman ni tende. Utamu hautiwi ndani ya kahawa, unatangulia au unafuata, na ulimi unapumzika katikati ya mikupuo. Mgonjwa mzima anayeshindwa na dawa yake mwambie afanye hivyohivyo: kitu kitamu kwanza, dawa, kitu kitamu tena.

Wajawazito wengi huona uchungu umeongezeka miezi ya mwanzo, hata wa chai. Wasilazimishwe mboga chungu wakati huo, zipo nyingine. Mzee anayelalamika kwamba kila chakula ni kichungu, huyo usimbadilishie mapishi tu. Kagua dawa anazokunywa, meno yake na ukavu wa kinywa, na umpeleke akaonwe.

Mwanangu sasa ana miaka kumi na moja, anakula mchunga nusu kwa nusu na kunung'unika. Uji wa ulezi alirudi kuunywa siku nilipoumimina kwenye kikombe cha bati badala ya lile bakuli. Aliunusa kwanza, akachovya kidole, akalamba, akasubiri kidogo. Halafu akainua kikombe.